Umeme Unaingia, Mafaili Hayatoki

“Mwanangu, simu inakula chaji kama kawaida, ila kompyuta haiioni kabisa.” Shangazi alinipigia kwa simu ya jirani yake, na hata sikuwahi kumaliza kumwamkia. Yeye alikuwa Tanga, mimi Dar es Salaam, na ukoo mzima ulikuwa unajiandaa kwa arobaini ya dada yake. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti za marehemu akisimulia ukoo wetu: nani kamzaa nani, nani alihamia Pangani na kilichompeleka. Shangazi aliyarekodi masimulizi hayo jioni baada ya jioni kwa karibu mwaka mzima, na hapakuwa na nakala nyingine popote. Fundi mmoja alikwisha kuiangalia simu, akasema dawa yake ni kuifleshi.

Nilimsihi asiirudishe kwa fundi mpaka nifike. Neno hilo, kufleshi, linatamkwa kirahisi mno mbele ya watu ambao simu zao hazina ugonjwa wowote wa programu. Kufleshi ni kuipakia simu mfumo upya, na mara nyingi kila kilichokuwamo hufutika. Maana yake shangazi angelipia kazi ya kupoteza kitu kilekile alichotaka kukiokoa.

Wengi tunajidanganya hivi: kama simu inachaji, basi tundu ni zima na waya ni mzima, kwa hiyo ubovu uko ndani. Sivyo. Chaji na mafaili hupita mlango mmoja, lakini kila kimoja kina njia yake.

Tafuta waya wa chaji uliokufa, uupasue kwa wembe. Chini ya ganda la mpira huwa kuna karatasi nyembamba inayong’aa kama ile ya ndani ya paketi ya sigara, na ukiifunua, kwenye waya wa USB wa kawaida utakuta nyaya nne nyembamba: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Nyekundu huleta umeme wa volti 5, nyeusi huurudisha. Nyeupe na kijani ndizo njia ya mazungumzo, na katika waya uliotengenezwa vizuri husokotwa pamoja kama kamba. Msokoto huo una kazi yake. Taarifa hutumwa kwenye nyaya zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikipanda nyingine ikishuka, na upande wa pili husoma tofauti iliyopo kati yao. Kelele za umeme kutoka nje zikizigusa zote mbili sawasawa, tofauti hiyo haibadiliki, na ujumbe hufika salama.

Nilipofika Tanga, kitu cha kwanza kukiomba kilikuwa waya wenyewe. Ulikuwa mfupi, mweusi, mwepesi mkononi. Shangazi alisema ulikuja na taa ya sola. Kwa ruhusa yake niliupasua, na ndani mlikuwa na nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Nyeupe na kijani hazikukatika. Hazikuwekwa tangu kiwandani. Waya wa namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya kuchaji peke yake, na hauna alama yoyote kwa nje ya kumwonya mnunuzi. Baadhi yake, upande wa simu, pini mbili za data huunganishwa pamoja, na simu ikiona hivyo huamini kwamba imechomekwa kwenye chaja ya ukutani. Waya huo ungeweza kuichaji simu miaka kumi bila kupitisha picha hata moja.

Inafaa kukumbuka kwamba USB haikubuniwa kwa ajili ya kuchaji. Ilipotolewa Januari 1996, baada ya kazi ya pamoja ya makampuni saba yakiwemo Intel, Microsoft na IBM, shida ilikuwa nyuma ya kompyuta: tundu la printa peke yake, la kibodi peke yake, la mausi peke yake. Ule umeme kidogo uliwekwa ili vifaa vidogo kama mausi visihitaji plagi zao. Kuchaji simu kulikuja kupandia humohumo baadaye, na mwaka 2009 watengenezaji wakubwa wa simu walipokubaliana na Tume ya Ulaya kutumia tundu moja la chaji, walichagua lililokuwepo tayari. Tangu hapo watu wengi wanalijua tundu hilo kwa jina moja tu, tundu la chaji, na kazi yake ya kwanza imesahaulika.

Kazi hiyo ya kwanza huanza kwa hodi. Simu ikichomekwa kwenye kompyuta, huinua mmoja wa nyaya zile za data hadi karibu volti 3.3 kupitia rezista ya ohm 1,500. Kompyuta ikihisi hivyo, inajua kuna mgeni mlangoni. Inamwita, inamuuliza yeye ni nani, na simu hujibu kwa namba: namba ya kampuni iliyoitengeneza na namba ya bidhaa yenyewe. Kompyuta humpa mgeni nafasi yake, kati ya 1 na 127, ndipo huangalia kama inayo programu ya kuzungumza naye. Yote hayo huisha kabla hujaondoa mkono kwenye waya. Hodi isiposikika, mazungumzo hayapo, lakini umeme huendelea kutiririka kwenye njia yake kama kawaida.

Umeme pia ni mvumilivu kuliko data. Waya uliovunjika nusu shingoni, pale unapokunjwa kila siku, bado unaweza kupitisha umeme wa kuchaji, pengine kwa kusuasua na joto kidogo. Data haina uvumilivu huo. USB 2.0 ya mwaka 2000 hupitisha biti milioni 480 kwa sekunde, kiasi kwamba kila biti moja ina takribani sehemu mbili za bilioni za sekunde kupita. Mguso ukilegea kwa muda mfupi tu, ujumbe umeharibika. Kwa hiyo ukiona simu iliyokuwa ikichaji haraka imeanza kuchaji polepole siku zilezile ilipoacha kuonekana kwenye kompyuta, ushuku nyaya za data, maana baadhi ya mifumo ya chaji ya haraka huzitumia hizohizo kupatana kiasi cha umeme.

Tuliazima waya mwingine kwa binti wa jirani, ambao yeye huhamishia picha zake kila wiki. Kompyuta ikalia mara moja, ikanyamaza. Nikauchomoa, nikaugeuza chini juu, nikauchomeka tena. Safari hii ilishika kwa sekunde chache zaidi, kisha ikapotea.

Kugeuza huko si ushirikina, na ningependa kila mwenye simu yenye tundu la Type-C akujue. Tundu hilo, ambalo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 2014, lina pini 24. Nne ni za kuleta umeme na nne za kuurudisha. Data ya kawaida, ile ya USB 2.0, ina pini zake katikati kabisa, na kwenye kichwa cha waya ni jozi moja tu inayofanya kazi hiyo. Ukiugeuza waya, jozi hiyo inagusa upande wa pili wa tundu. Kwa hiyo ikiwa mafaili yanapita upande mmoja na yanagoma upande mwingine, umeshajua mwenyewe, bila kifaa chochote, kwamba ubovu au uchafu uko kwenye pini za upande fulani. Umeme una njia nne. Zikiziba mbili, zimebaki mbili. Data haina akiba hiyo. Na hata kwenye zile plagi za zamani za bapa, ukizitazama kwa makini utaona pini mbili za pembeni, za umeme, ni ndefu kuliko za katikati. Ziliwekwa hivyo makusudi ili umeme utangulie kugusa. Kichwa kisichozama hadi mwisho kinaweza kuchaji na kisifanye jambo jingine.

Kichwa cha waya kwenye simu ya shangazi hakikuzama hadi mwisho. Kulikuwa na ufa mwembamba umebaki nje, kama unene wa ukucha. Nilizima simu, nikachukua kijiti cha meno cha mbao, nikapita taratibu kando ya kuta za tundu, nikiuepuka ule ulimi wa katikati wenye pini. Kikatoka kibonge cha nyuzi kilichoshindiliwa hadi kikawa kigumu kama kitambaa cha sufu. Nilikiweka kiganjani, tukakitazama wote wawili chini ya taa: nyuzi nyekundu, nyeusi, na chache za manjano. Shangazi aliitambua kanga yake. Kwa miaka miwili simu ilikuwa ikikaa kibindoni, na kila alipochomeka waya alikuwa akizishindilia nyuzi chini zaidi.

Usitumie sindano wala pini ya chuma kwa kazi hii. Inakwangua pini za tundu, na simu ikiwa imewashwa inaweza kuunganisha umeme pasipotakiwa. Usipulize kwa mdomo pia, maana unapeleka unyevu mahali pa mwisho unapohitajika. Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi, ambayo hula shaba na kuacha kutu ya kijani. Ukiiona hiyo, mpe fundi asafishe kwa spiriti na brashi.

Sasa kichwa kilizama. Kompyuta ikalia, jina la simu likatokea, nikalifungua. Ndani patupu. Hakuna hata folda moja.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo simu huwa inafanya kazi yake vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Zamani kumbukumbu ya simu ilionekana kwenye kompyuta kama flashi: kompyuta iliichukua yote, na simu yenyewe haikuweza kuitumia mpaka uchomoe. Simu za Android ziliachana na utaratibu huo, zikahamia kwenye ule unaoitwa MTP. Kwa MTP kompyuta haiingii stoo. Inasimama dirishani, inaomba faili moja, na simu kama mtunza stoo inakwenda kulichukua na kulileta. Mtunza stoo akiwa hajapewa ruhusa na mwenye mali, dirisha halifunguki.

Ruhusa hiyo haikuwekwa kwa usumbufu. Mwaka 2011, kwenye mkutano wa wanausalama wa DEF CON kule Las Vegas, watafiti waliweka kibanda cha kuchajia simu kuwaonyesha watu kwamba tundu la chaji la mtu usiyemjua linaweza pia kuchota mafaili yako. Mwaka 2013 watafiti wa Georgia Tech walionyesha chaja iliyoweza kuingiza programu hasidi kwenye iPhone. Mwaka huohuo Apple ilianza kumuuliza mwenye simu kama anaiamini kompyuta aliyochomeka. Android nayo, kuanzia toleo la 6 la mwaka 2015, ikafanya kuchaji pekee kuwa hali ya kawaida kila unapochomeka.

Kwa hiyo fungua kioo kwa namba yako ya siri, vuta pazia la arifa kutoka juu, gusa ile inayosema simu inachaji kupitia USB, kisha chagua kuhamisha faili. Kwenye iPhone, kubali kuiamini kompyuta. Nilimwonyesha shangazi, akagusa yeye mwenyewe, na folda zikajaa kioo cha kompyuta.

Upande wa kompyuta nao una vikwazo vyake. Mac haiielewi MTP yenyewe, inahitaji programu ya ziada. Windows za toleo la N, zinazokuja bila vifaa vya muziki na video, haziielewi mpaka uongeze kifurushi cha Microsoft kinachotolewa bure. Kwingineko, badilisha tundu la kompyuta, au washa upya mashine zote mbili.

Na ikiwa tundu limekufa kweli, mafaili hayajafa. Simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata ya hotspoti isiyo na bando, kuna programu za kuhamishia mafaili moja kwa moja. Ukituma picha kwa WhatsApp, tuma kama hati, la sivyo itabanwa na kupungua ubora. Fundi naye, kwenye simu nyingi, anaweza kubadilisha tundu au ile bodi ndogo ya chaji chini ya simu bila kugusa bodi kuu yenye kumbukumbu zako.

Kuifuta simu ni jambo tofauti kabisa. Simu zote zilizotoka kiwandani na Android toleo la 10 la mwaka 2019, au la baadaye, huhifadhi mafaili kwa usimbaji fiche, na simu ikifutwa, ufunguo wa kuyasoma hufutwa pamoja nayo. Baada ya hapo hakuna fundi wa Kariakoo wala wa kwingine atakayeyarudisha. Basi nakuomba: simu yako ikichaji na mafaili yasitoke, jaribu waya unaojua unapitisha data, ugeuze, safisha tundu, fungua kioo na utoe ruhusa. Ukishindwa yote, nenda kwa fundi, na kabla hujaiacha simu mezani kwake mwambie waziwazi kwamba umeleta tundu litengenezwe, na kwamba hujamruhusu kufleshi.