Kusomea Usimamizi wa Miradi ya TEHAMA: Uwanja wa Utafiti wa Tarime na Serengeti

Sehemu ya Pili

Sehemu iliyotangulia ilifuata chimbuko la taaluma ya usimamizi wa miradi, tangu mwaka 1957, wahandisi wa kampuni za Marekani za DuPont na Remington Rand walipobuni njia ya kutambua mlolongo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote huchelewa, hadi kuanzishwa kwa Taasisi ya Usimamizi wa Miradi nchini humo mwaka 1969. Sehemu hii inahusu kile ambacho mwanafunzi wa shahada ya uzamili hutarajiwa kukifanya kwa maarifa hayo, na kwa nini wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara zinafaa kuwa uwanja wa tasnifu yake.

Shahada ya uzamili, ambayo katika mfumo wa tuzo za elimu ya juu nchini Tanzania ipo ngazi ya 9, haipaswi kuchanganywa na vyeti vya kitaaluma vinavyopatikana kwa mtihani wa saa chache. Mwenye cheti huthibitisha kwamba anazijua hatua zinazokubalika. Mwenye uzamili anatakiwa aweze kueleza hatua hizo zinakwama wapi na kwa sababu gani. Ndiyo maana msomi huanza na wigo, yaani mipaka ya kile ambacho mradi utakifanya na kile ambacho hautakifanya, kisha akaenda kwenye ratiba, bajeti, ubora, vihatarishi na wadau, huku akisoma wanaotia shaka mazoea ya kazi, kama Fred Brooks, aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi. Sehemu kubwa ya maandiko hayo imezaliwa katika ofisi zenye umeme wa uhakika na wateja wanaosoma mikataba, jambo ambalo wahadhiri wengi hulipita haraka mno.

Mfano wa kuyapima maandiko hayo upo Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Crowd2Map, ambamo watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walichora vijiji vya Tanzania kwa kutazama picha za satelaiti na kuingiza barabara, mito na majengo katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuihariri. Haja ilikuwa ya wazi. Msichana anayekimbia ukeketaji, kitendo ambacho Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imekiharamisha kwa walio chini ya miaka 18, anaweza kuomba msaada usiku kutoka kijiji ambacho hakimo katika ramani yoyote, na polisi wa dawati la jinsia pamoja na wahudumu wa nyumba salama ya Mugumu, inayowahifadhi wasichana kama hao, wakashindwa kujua wapite wapi.

Kwa jicho la mwanafunzi wa usimamizi wa miradi, jambo la kwanza kulichunguza hapa ni muda. Vitabu vingi hufundisha kwamba muda, gharama na wigo ni nguzo tatu zinazotegemeana, na kwamba mteja na mtekelezaji wanaweza kukaa wakakubaliana kuongeza mwezi mmoja mambo yakiwa magumu. Msimu wa ukeketaji katika jamii ya Wakurya hupangwa na wazee wa mila wa koo, na kwa kawaida huangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mradi wa kuwaokoa wasichana haumwombi mzee wa mila aahirishe msimu ili ramani ikamilike. Muda ukiwa umefungwa hivyo, na fedha zikiwa za michango, kilichobaki cha kupunguzwa ni wigo peke yake, na swali la kitaaluma linakuwa ni nini kitangulie: pengine barabara na majina ya vijiji kwanza, na nyumba mojamoja baadaye. Hata barabara zenyewe zina mtego, kwa kuwa njia inayoonekana nyeupe na kavu katika picha ya satelaiti ya kiangazi inaweza kuwa tope la vuli wakati gari linapohitajika kupita.

Kisha yapo majina. Satelaiti huonyesha paa la bati lakini haisemi kijiji kinaitwaje, kwa hiyo kazi hiyo ilibaki kwa wenyeji waliotembea na simu zenye programu ya Maps.Me, inayofanya kazi hata pasipo na mtandao, wakaandika jina la kitongoji, duka, zahanati au kanisa pale walipo. Serengeti ina Wakurya, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, na jina moja huweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu kutegemea nani ameulizwa. Msimamizi wa mradi ambaye hakuweka mapema utaratibu wa kuamua tahajia ipi itumike atajikuta na vijiji viwili mahali ambapo ardhini kipo kimoja. Ubora wa data, unaochukua sura nzima kavu katika vitabu, hapa ni suala la gari kufika au kutofika.

Uwazi wenyewe una hatari yake, na huenda hili ndilo swali bora zaidi la tasnifu kwa sasa. Ramani ni ya wote. Taarifa kwamba binti fulani yuko hatarini katika nyumba fulani haiwezi kuwa ya wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na mtafiti anaweza kuchunguza kama mfumo wa kupokea taarifa umetenganishwa kweli na ramani, na nani mwenye ruhusa ya kuufungua.

Upande wa pili wa Mto Mara, Tarime inatoa maswali ya aina nyingine. Mashine za POS za kukusanyia mapato ya halmashauri, mifumo ya forodha katika kituo cha pamoja cha mpakani Sirari, na mifumo ya mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo, zote ni miradi iliyokwisha kukabidhiwa, na kukabidhiwa ndiko kunakopaswa kuchunguzwa. Taarifa nyingi za miradi huishia siku ya uzinduzi. Mtafiti anayekaa mnadani na kutazama mkusanya ushuru anafanya nini mtandao unapokatika, na anamwita nani mashine inapoharibika, atapata ushahidi usiomo katika taarifa yoyote ya makabidhiano.

Anayekusudia kuifanya kazi hiyo hahitaji kuhama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa njia ya masafa na kina kituo mjini Musoma. Anayevutiwa na shahada ya chuo cha nje ya nchi ahakikishe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu kwamba tuzo hiyo itatambuliwa. Ruhusa ya kukusanya data huanza na barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Musoma, ambayo huteremshwa wilayani na kwenye halmashauri, na baada ya hapo mtafiti bado atawajibika kujitambulisha kwa watendaji wa vijiji na wazee wa mila. Barua hizo huchukua muda, hivyo mwanafunzi aziombe mapema, kabla hajapanga tarehe ya kuingia kijijini.