Wastani Unavyomficha Mchezaji Ukweli

Chukua sekunde moja ya gemu. Ndani yake kadi ya grafiki imechora fremu 60. Fremu 59 zimetoka kwa milisekunde 10 kila moja; moja iliyobaki imechukua milisekunde 410. Jumlisha: sekunde kamili, fremu 60. Kwenye jedwali la majaribio kadi hiyo itaandikiwa 60 na kusifiwa. Mchezaji aliyekaa mbele ya skrini, yeye ameona picha ikiganda karibu nusu sekunde, muda unaomtosha adui kummaliza.

Hesabu za namna hii ndizo zilizonivuta kwenye kazi ya Scott Wasson, Mmarekani aliyekuwa mhariri wa The Tech Report. Kwa miaka mingi wapimaji wa kadi walitegemea wastani wa fremu kwa sekunde. Septemba 2011 Wasson alitoa hoja kwamba kwa jicho la binadamu sekunde ni ndefu mno. Akaacha kuuliza kadi imechora fremu ngapi, akauliza kila fremu imemsubirisha mchezaji kwa muda gani.

Anayetaka fremu 60 zinazotiririka anahitaji kila moja itoke ndani ya milisekunde 16.7 hivi. Wasson alichora grafu ya fremu moja moja, na humo ucheleweshaji ukajitokeza kama miiba. Alitafuta pia muda ambao fremu 99 katika kila 100 huwa zimeshatoka, kisha akajumlisha muda wote uliopotea baada ya fremu kuvuka milisekunde 50. Alichokuwa akipima ni kero ya mchezaji.

Desemba 2012 alizikutanisha kadi mbili za bei ya kati. GeForce GTX 660 Ti ya Nvidia ilikuwa imeingia sokoni Agosti kwa dola 299. Radeon HD 7950 ya AMD ilianza mwaka huo kwa dola 449, kisha bei yake ikashuka hadi zikawa washindani. Radeon ilikuwa na gigabaiti 3 za kumbukumbu, mwenzake 2. Katika gemu kadhaa wastani wao ulikaribiana, lakini grafu ya Radeon ilikuwa na miiba mingi zaidi.

Wapo waliotilia shaka kwamba jicho linaweza kuona tofauti hiyo. Jibu la Wasson ndilo ninalolipenda kuliko yote: alizirekodi skrini kwa kamera ya kasi huku akitembea ndani ya gemu ya Skyrim, akaonyesha video hizo polepole, na kusitasita kwa picha kukaonekana. Mapema 2013 AMD ilitoa draiva mpya, na miiba ikapungua. Kadi ni zile zile. Kilichobadilika ni programu. Je, waliozinunua mwaka mzima uliotangulia walilipia nini?

Njia ya Wasson nayo ilikuwa na pengo. Programu ya Fraps aliyoitumia hurekodi fremu inapotoka kwenye gemu, kabla haijafika kwenye skrini. Mwaka 2013 ikaja FCAT, inayopaka utepe wa rangi pembeni mwa kila fremu ili video ya kilichofika kwenye skrini ihesabiwe. Ni kipimo makini, lakini mtengenezaji wake ni Nvidia. Ni kama muuza nyama kuleta mizani ya kupimia nyama ya jirani yake. Nani basi atengeneze mizani?

Leo swali la nini kipimwe limehamia kwenye ubora wa picha. Mwaka 2023 kadi ya Nvidia, RTX 4060 Ti, iliuzwa kwa dola 399 ikiwa na gigabaiti 8, na 499 ikiwa na 16. Kumbukumbu ikipungua, baadhi ya gemu hupunguza ubora wa picha kimyakimya: kuta hufifia ilhali idadi ya fremu haitikisiki. Teknolojia ya DLSS 3 nayo huingiza fremu ambazo gemu yenyewe haikuzichora. Zihesabiwe sawa na nyingine?

Anayenunua kadi ya bei ya kati mara nyingi amejinyima ili aipate, na hana fedha ya kununua nyingine akikosea. Kabla hujalipa, tafuta majaribio yanayoonyesha asilimia 1 ya fremu zilizochelewa kuliko zote, pamoja na picha za gemu unayoicheza zilizowekwa bega kwa bega. Mpimaji anayekupa wastani peke yake hajamaliza kazi yake.