Chokaa: Je, Kikundi Chenu Kinahitaji Tanuri?

Wakulima wa mahindi Kitale na Bungoma wanahimizwa kutumia chokaa kupunguza asidi ya udongo. Kabla ya kuchanga pesa za kujenga tanuri, fahamuni haya.

Jiwe la chokaa huhitaji joto la nyuzi 900 hivi. Kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa. Zilizobaki hupotea kama hewa ya kaboni.

Tanuri la kuwasha na kuzima, kama la matofali, ni rahisi kujenga, lakini hupoa kila mara na kumaliza kuni. Tanuri la mnara hupakiwa juu na kupakuliwa chini bila kuzimwa. Huokoa kuni, ila hutaka mawe makubwa yanayolingana ili hewa ipite. Tanuri la kuzunguka hupokea mawe madogo, lakini hutumia nishati zaidi na lafaa viwanda vikubwa.

Kwa shamba, jiwe lililosagwa laini bila kuchomwa hupunguza asidi pia, ingawa polepole. Chokaa iliyochomwa huunguza ngozi na macho. Ikiwa lengo ni shamba, tafuteni kinu, si tanuri. Mawe huchimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu, hesabuni usafiri.

Pimeni udongo kwanza. Afisa wa kilimo wa wadi yenu atawaelekeza.