Kisahani, Mchanga na Nauli ya Kwenda Uvira

Sange haina ufukwe. Ina mto, ina bonde la Ruzizi lililotandaa hadi mpaka wa Burundi, ina jua la mchana lisilo na huruma. Anayetaka mchanga wa ziwa hushika Barabara ya Taifa namba 5 kuelekea kusini, kama kilomita 35, apite Kiliba na Kavimvira ndipo aone maji ya Tanganyika. Kijana wa hapa akitaka mchezo wa ufukweni, safari inaanza kabla mchezo haujaanza. Ndiyo maana nimependa kuutazama kutoka Sange mchezo wa kisahani cha kurusha, ambao wenzetu wa Ulaya na Marekani huzunguka nchi nzima kuucheza, wiki hii pwani hii, wiki nyingine pwani ile.

Wengi huuita Frisbee, ingawa hilo ni jina la bidhaa. Mchezo wenyewe huitwa ultimate, nao ulizaliwa 1968 katika shule ya sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, New Jersey. Nyasini hucheza saba kwa saba. Mchangani ni watano kwa watano, kwenye uwanja wa mita 75 kwa 25, na mita 15 za mwisho kila upande ndizo eneo la bao. Kisahani kina gramu 175. Aliyekidaka haruhusiwi kukimbia nacho: anasimama, anazungukia mguu mmoja, anatafuta mwenzake, huku mpinzani akimhesabia sekunde kwa sauti. Kikidakwa ndani ya eneo la mwisho, ni bao. Kikianguka, kinakuwa cha wapinzani. Anayejua kukaba katika mpira wa kikapu ataelewa kwa dakika kumi. Kukirusha kinyooke kutamchukua miezi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mchezo huu huchezwa kwa mashindano ya siku mbili na si kwa ligi ya nyumbani na ugenini. Katika ligi, kila mechi ina nauli yake. Timu inasafiri, inacheza dakika tisini, inarudi. Katika mashindano ya kisahani mechi ni fupi, hivyo timu moja hucheza nyingi Jumamosi na Jumapili, mahali pamoja, kwa nauli moja. Ukiigawa nauli kwa idadi ya mechi, ligi inaonekana kama anasa. Tena watano uwanjani na wanne au watano wa akiba ni Hiace moja, na bado nafasi ya sufuria na godoro inabaki. Timu ya mpira wa miguu, na kocha wake na mashabiki wake, haiingii humo hata kwa desturi zetu za kubanana.

Nchi yetu inalijua somo hili kwa gharama. Kongo ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, na hakuna barabara ya kuaminika itakayokutoa Bukavu hadi Kinshasa. Klabu za Bukavu kama Muungano na Bukavu Dawa, zikipangiwa wapinzani wa mji mkuu, zinahitaji ndege. Ligi ya taifa, Linafoot, imewahi zaidi ya mara moja kuzigawa klabu katika kanda, na kila mpenzi wa mpira anajua kwamba nyuma ya kanda hizo kuna bei ya tiketi. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema vijana wetu nao wazunguke nchi wakicheza ufukweni, naona kwanza ramani ndogo: Sange, Uvira, Baraka, na meli ikipatikana bandarini Kalundu, hadi Kalemie. Hiyo ni pwani moja ya ziwa moja. Kwa kuanzia inatosha kabisa.

Lakini hata ramani hiyo ndogo inategemea barabara, na barabara yetu ina historia yake. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, siku ya robo fainali za Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka hapa Sange, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 230. Baadhi walikuwa wamekusanyika kwenye vibanda kutazama mpira. Wengine walikwenda kuchota mafuta. Tangu hapo, ukitaja Sange na michezo katika sentensi moja, mtu wa umri fulani hunyamaza kidogo. Halafu vita. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Desemba mwaka huohuo mapigano yalishuka bondeni hadi Uvira. Ratiba ya mashindano huandikwa miezi kabla. Huku kwetu bariyeri inaweza kuota usiku mmoja.

Sisemi haya kuufungia mchezo mlango. Kinyume chake, kuna jambo moja ndani yake linalonifanya niamini ungeshika hapa kuliko mingine: hauna refa, hata katika mashindano ya dunia. Aliyechezewa rafu anasema mwenyewe, aliyecheza rafu anakubali au anabisha, na wasipoafikiana kisahani kinarudi kwa aliyekirusha mwisho. Baada ya mechi kila timu huipa nyingine alama za uungwana: mambo matano, sifuri hadi nne kila moja. Yanapimwa kuzijua sheria, kuepuka kugongana, haki, kujizuia na namna ya kuzungumza. Kumi kati ya ishirini ni mechi ya kawaida, njema. Waliokulia kwenye baraza la wazee hawatashangaa sana. Watakachoshangaa ni wazee kuwa na miaka kumi na minane na kutoa hukumu huku wanahema.

Ipo pia aina ya mashindano yaitwayo ya kofia. Huji na timu. Unaandikisha jina lako peke yako, majina yanachanganywa, na unaondoka na wenzako usiowajua, wanaume na wanawake pamoja. Eneo la Uvira lina chefferi tatu, ya Bavira, ya Bafuliiru na ya Bonde la Ruzizi, na timu zetu za mpira mara nyingi hufuata mtaa, na mtaa hufuata mengine ambayo hayahitaji kutajwa. Kofia haifuati chochote. Tena humwokoa msafiri maskini: asiyeweza kulipia timu nzima anajilipia kiti kimoja.

Kifaa si tatizo. Visahani viwili, kamba za mipaka, miguu mitupu. Likelemba, mchango wa zamu, ya watu kumi inavimaliza. Tatizo ni kiwanja, na hapa ziwa lina neno lake. Tanganyika hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie, hivyo mvua zikizidi maji hupanda taratibu na hushuka taratibu zaidi. Yalipanda sana mwaka 1964. Yakapanda tena miaka hii, na mwaka 2024 yaliingia bandari ya Kalundu na nyumba nyingi za kando ya ziwa mjini Uvira. Urefu wa mita 75 utaupata popote. Upana wa mita 25 za mchanga mkavu ndio adimu. Na upande wa Kavimvira, karibu na mdomo wa Ruzizi, kisahani kikipeperukia majini usikifuate kabla hujatazama kama kuna kiboko.

Kupeperuka ni lazima, kwa sababu ya upepo. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini hupanda ziwani kwa nguvu, na kisahani chepesi hakina ubishi nao. Mechi nzuri ni za alfajiri, maji yakiwa bado yametulia. Maana yake timu ya Sange haiwezi kuja asubuhi ileile: ifike Ijumaa, ilale kwa shangazi wa mmoja wao huko Mulongwe, mjini Uvira, iamke saa kumi na moja. Kabla jua halijatoka, mtu mmoja husimama ukingoni mwa maji na kuhesabu hatua 25 kwenda nchi kavu. Mwaka wa maji mengi, hatua ya kumi na tano inagonga ukuta wa nyumba.