Kabla ya kulipia soketi na ekstensheni, uliza nambari ya cheti

CHUNGULIA nyuma ya TV yako sasa hivi. Huenda utakuta ekstensheni nyeupe yenye matundu manne au matano, na juu yake kuna dekoda, spika, chaja mbili na pasi inayosubiri zamu. Igeuze usome kilichoandikwa chini. Je, kuna jina la kampuni iliyoitengeneza? Kuna nambari ya modeli? Kuna alama yoyote ya ubora, na kama ipo, unajua ni nani aliyeitoa?

Watu wengi hununua simu baada ya kutazama video kumi za kuilinganisha na nyingine, lakini ekstensheni ya kuichajia simu hiyo huokotwa barabarani kwa dakika moja, mradi taa yake nyekundu inawaka. Taa hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba stima imefika. Haisemi lolote kuhusu waya uliomo ndani.

Na ikiwa wewe ni miongoni mwa vijana walioanza kuagiza bidhaa kutoka Guangzhou au Dubai na kuziuza kwa TikTok na WhatsApp, suala hili lina uzito maradufu. Mnunuzi akikosea, ni ekstensheni moja. Ukikosea wewe, ni katoni nzima: mia moja zimeingia kwenye keja za watu, na pesa zako zimekwisha.

Soketi salama inafananaje?

Kenya hutumia stima ya volti 240 na plagi ya pini tatu bapa, mfumo tuliourithi kutoka Uingereza. Kiwango kinachoelezea plagi na soketi hiyo huitwa BS 1363 na kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Kila kitu ndani yake kina sababu.

Pini ya juu, ile ya ethi, ni ndefu kuliko zile mbili za chini kwa milimita tano hivi. Ndiyo huingia kwanza na kusukuma vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoziba matundu ya stima. Bila hiyo pini, vifuniko vinabaki vimefungwa, hivyo mtoto akichokoa kwa msumari hafikii stima. Pini mbili za chini zina mkanda wa plastiki karibu na shina ili vidole visiguse chuma chenye stima unapochomoa. Pini ya ethi haifai kuwa na mkanda huo. Ukiiona imevishwa plastiki, weka chini uende zako: aliyeitengeneza aliiga sura bila kuelewa kazi yake.

Kisha kuna fyuzi ndani ya plagi. Kazi yake ni kukata stima mzigo unapozidi sana au nyaya zinapogusana. Katika plagi nyingine za bei ya kutupa, fyuzi haipo kabisa, au kipo kipande cha chuma kilichovalishwa sura ya fyuzi, ambacho hakitakata chochote hata moshi ukianza kutoka.

Vipi kuhusu zile ekstensheni za matundu yanayokubali plagi ya kila nchi? Wengi huzipenda kwa sababu chaja ya pini mbili za duara inaingia bila kung'ang'ana. Tatizo ni kwamba tundu linalokubali kila umbo halilishiki umbo lolote vizuri. Pini ikilegea, sehemu ya kugusana hupungua, na hapo ndipo joto huzaliwa. Plagi ya Ulaya yenye ethi ya pembeni nayo huingia humo na kufanya kazi, lakini ethi yake haijagusa kitu. Mashine ikipata hitilafu, mwili wake wa chuma unaweza kubeba stima bila wewe kujua. Soketi ya aina hiyo haitimizi BS 1363, hata kama muuzaji ameandika hivyo kwenye boksi.

Hesabu ya haraka

Soketi yetu imekadiriwa ampea 13. Zidisha kwa volti 240, unapata wati 3,120. Hicho ndicho kikomo cha ekstensheni nzima, haijalishi ina matundu mangapi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 zikiwaka pamoja, umeshapita.

Hesabu hiyo nayo inachukulia kwamba waya wa ndani ni wa kweli. Ekstensheni ya ampea 13 inahitaji waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.25, na vipimo hivyo huchapishwa juu ya waya wenyewe. Ukisoma 0.75, hiyo ni ya kazi nyepesi. Na ukikuta waya hauna maandishi yoyote, huna njia ya kujua kama ndani ni shaba au alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kumbuka joto haliongezeki sawasawa na mzigo: mkondo wa stima ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huongezeka mara nne.

Beba sumaku ndogo unapoenda Luthuli Avenue. Pini nzuri hutengenezwa kwa shaba nyeupe, ambayo haivutwi na sumaku. Pini ikinata, ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Lakini usidanganyike: sumaku hufichua ubovu tu, haithibitishi ubora. Kuthibitisha ni kazi ya cheti.

Si kila alama ni yetu

Hapa ndipo wengi hupigwa chenga. Boksi limejaa alama, basi mtu anaona bidhaa imepita kila mtihani duniani.

Chukua CE, herufi zinazopendwa sana na wachapishaji wa maboksi. Kwa bidhaa nyingi za umeme wa nyumbani, CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza sheria za Ulaya, si lazima mtu mwingine awe amepima. Tena, plagi na soketi za nyumbani zimeondolewa kwenye sheria ya Ulaya ya vifaa vya volti ya chini, inayohusu CE. Kwa hivyo soketi ya ukutani inayojigamba kwa CE haijakuambia lolote la maana.

CCC ni alama ya lazima kwa bidhaa zinazouzwa ndani ya Uchina, ambako plagi zina umbo tofauti. UL ina asili ya Marekani, ambako stima ya nyumbani ni volti 120. Zote ni alama za kuheshimika zikiwa halisi, lakini mtihani uliofanywa ni wa soko lingine. Kwa plagi ya pini tatu bapa, alama zenye maana zaidi ni Kitemark ya BSI na ASTA, kwa sababu hizo hutolewa kwa kupima BS 1363 yenyewe.

Hapa nyumbani, tazama alama za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Bidhaa iliyotengenezwa Kenya hubeba alama ya SM pamoja na nambari ya kibali. Usiishie kuiangalia. Tuma SM#, ikifuatwa na nambari hiyo, kwenda 20023, usubiri jibu. Jina la kampuni na bidhaa utakayotajiwa lazima yalingane na ulichoshika mkononi. Bidhaa kutoka nje hubeba stika ya ISM, nayo ina nambari yake ambayo unaweza kuomba KEBS ikuthibitishie.

Kanuni ni moja kila mahali: alama inaweza kuchapishwa na yeyote mwenye printa. Nambari inayokubaliwa na aliyeitoa ndiyo ushahidi.

Ukiwa unaagiza, kagua kabla mzigo haujapanda meli

Tangu mwaka 2005, Kenya imekuwa na mpango wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka, unaojulikana kama PVoC. Kampuni zilizoteuliwa na KEBS hukagua mzigo huko huko, na ukifaulu hutoa cheti cha ulinganifu, maarufu CoC. Mzigo ukifika Mombasa bila cheti hicho, jiandae kwa ucheleweshaji, ada za ukaguzi, na pengine amri ya kuurudisha au kuuharibu kwa gharama yako. Wafanyabiashara wa Nyamakima walioandamana mwaka 2018 kwa sababu ya bidhaa zilizozuiliwa wanajua uchungu wa kulipia mzigo usioweza kuuza.

Kwa hivyo anza na karatasi, si bei. Mwombe muuzaji cheti na ripoti ya maabara, kisha kagua mambo manne. Kwanza, nambari ya modeli kwenye cheti ni ile ile iliyo kwenye bidhaa? Wauzaji wengine hutuma cheti cha modeli nyingine wakitumaini hutasoma. Pili, kiwango kilichotajwa ni BS 1363, au ni cha soko lingine? Tatu, jina la kiwanda ni la anayekuuzia, au ni la jirani yake? Nne, cheti kingali hai? Ukishapata majibu, ingia kwenye tovuti ya taasisi iliyotoa cheti uitafute nambari hiyo mwenyewe, au waandikie barua pepe. Usifuate kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Kwa upande wa maabara, uliza ikiwa imeidhinishwa kwa kiwango cha ISO/IEC 17025.

Elewa pia tofauti iliyopo: ripoti ya maabara inasema sampuli fulani ilifaulu siku fulani. Haisemi katoni zako mia moja zina waya ule ule. Ndiyo maana unapaswa kuagiza sampuli kwanza, kuifungua pamoja na fundi, kisha kuihifadhi kama kipimo cha mzigo utakaofuata.

Nguvu yako iko kwenye malipo. Viwanda vingi huomba amana ya asilimia 30 na salio la 70 kabla ya mzigo kuondoka. Salio hilo ndilo sauti yako. Kubalianeni kwa maandishi kwamba mkaguzi huru atafungua katoni kadhaa alizochagua mwenyewe, alinganishe na sampuli, na ndipo ulipe. Ukishalipa zote, malalamiko yako yanabaki ujumbe wenye tiki mbili za buluu.

Ikiwa unatumia wakala anayeunganisha mizigo ya watu wengi katika kontena moja, muulize swali hili kabla ya kumpa hata shilingi: mzigo wangu utaingia kwa cheti cha nani? Jibu la "usijali, sisi hupitisha" si jibu. Mzigo ukizuiliwa, yeye ana wateja wengine. Wewe una mtaji mmoja.

Bei ya shilingi mia mbili

Utasikia kwamba soko la Kenya linataka bei rahisi na hakuna anayeuliza vyeti. Ni kweli tofauti ya bei inauma, hasa ukiwa ndio unaanza maisha kwenye bedsita. Lakini fikiria nyumba yenyewe: mlango mmoja, dirisha lenye vyuma, godoro mita moja kutoka kwa soketi, na majirani juu na chini. Moto ukianza saa nane za usiku, hauulizi kodi imelipwa na nani.

Katiba, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulindwa kiafya na kiusalama. Haki hiyo huanza na risiti, kwa hivyo idai hata kwa kitu kidogo. Ukikuta bidhaa hatari, iripoti KEBS badala ya kuitupa kimyakimya, kwani iliyo kwako ina dada zake dukani.

Na wewe unayeuza, fanya cheti kiwe sehemu ya tangazo lako. Weka nambari yake wazi, onyesha mteja jinsi ya kuithibitisha. Wengi wanaouza kwa bei ya chini kukuliko hawawezi kufanya hivyo.

Leo jioni, kabla ya kubonyeza "nunua" au kutuma amana, mwandikie muuzaji mstari mmoja tu: "Nitumie nambari ya cheti cha modeli hii." Akituma, ithibitishe. Akikujibu kwa kupunguza bei, ushajua unachouziwa.