Mguu Usiouma Ndio wa Kuogopa

Mtu anaamka asubuhi, anakuta damu kwenye shuka na alama za meno kwenye kidole cha mguu. Panya kamng'ata saa ngapi? Hajui, maana hakusikia kitu. Si kisa cha kutunga. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu juu ya wagonjwa wa kisukari wa Tanzania waliong'atwa miguu na panya. Kwa Kilosa na Mikumi, ambako gunia la mahindi au mpunga mara nyingi hulala ndani pamoja na mwenye nyumba, habari hiyo haiko mbali.

Chanzo ni ganzi. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha. Zinazotangulia kuumia ni neva ndefu, na hakuna ndefu kuliko zile zinazotoka kiunoni hadi vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni, ikapanda taratibu hadi kwenye kifundo, kama mtu anayevaa soksi. Kuna wanaohisi nyayo zikiwaka moto usiku, au kama wanakanyaga pamba, wakasema ni baridi na kujichua kwa dawa ya dukani. Hao wana nafuu, angalau wameonywa. Karibu nusu ya walioathirika hawana dalili yoyote. Anayesubiri maumivu ndipo aende hospitali anasubiri kisichokuja, kwa sababu neva ya kuyaleta ndiyo iliyokufa.

Kliniki hupima kwa uzi wa nailoni unaopinda ukifikia nguvu ya gramu 10, na kwa chuma chenye meno mawili kinachotetema mara 128 kwa sekunde, kikiwekwa juu ya mfupa wa kidole gumba. Asiyeusikia uzi ameshapoteza mengi. Hisia ya mtetemo mara nyingi hutangulia kupungua.

Na kisipokuwepo kifaa? Dk. Gerry Rayman na wenzake wa mji wa Ipswich, Uingereza, walitangaza mwaka 2011 kipimo kisichogharimu hata shilingi. Mgonjwa alale, afumbe macho. Mwenzake amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za vidole vitatu vya kila mguu: gumba, cha kati na cha mwisho. Mguso uwe mwepesi kama wa nzi anayetua. Asisukume, asitekenye, wala asirudie kidole ambacho hakikusikika; hapo ndipo ndugu wenye huruma huharibu kipimo. Kati ya miguso sita, miwili au zaidi isiposikika, mguu uko hatarini na inabidi uonwe na mtaalamu. Mjukuu wa darasa la tano anaweza kazi hiyo.

Hata hivyo kipimo cha nyumbani hakiondoi cha kliniki, angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye kisukari cha ukubwani, aina ya pili, aanze siku ileile anapoambiwa anao, kwani huenda sukari imeshakaa mwilini miaka kadhaa bila yeye kujua.

Neva iliyokufa ni vigumu kuirudisha, ila kushusha sukari huchelewesha uharibifu, na mguu wenye ganzi unaweza kulindwa. Uangalie kila jioni, hadi katikati ya vidole. Kandambili ni adui mdogo: ukanda wake hukata ngozi na mwenyewe asijue. Ingiza mkono kwenye kiatu kabla ya mguu, pima maji ya kuoga kwa kiwiko, kaa mbali na mafiga. Usiku, chandarua kilichochomekwa vizuri huzuia mbu na panya pia.

Uwe unatibiwa hospitali ya wilaya Kilosa, Mtakatifu Kizito Mikumi au zahanati ya kijijini, siku ya kliniki wakishakupima sukari na presha, wakakuandikia tarehe ya kurudi bila kukuambia uvue viatu, vivue mwenyewe.