Judo Uvira: Sekunde 75 zinazopima nguvu za mchezaji

Mchezaji wa judo anaweza kukimbia kila asubuhi kutoka Kalundu hadi Kavimvira, na bado mikono ikamlegea katikati ya pambano. Watazamaji husema hana moyo. Mara nyingi tatizo ni aina ya nguvu aliyoizoeza.

Mwili una njia tatu za kupata nguvu. Ya kwanza ni akiba ndogo ya fosfokreatini ndani ya misuli: inatosha kumrusha mtu, lakini inaisha kwa sekunde chache. Ya pili inavunja sukari ya misuli bila kungoja oksijeni. Ya tatu inatumia oksijeni. Ni ya polepole lakini inadumu, na inajaza tena akiba ya kwanza mchezaji anapopata nafasi ya kupumua. Pambano la watu wazima, la dakika 4, linazihitaji zote.

Mwaka 1995, Stanisław Sterkowicz wa Poland alitoa jaribio linalofanyika juu ya tatami. Wenzake wawili wenye uzito unaokaribiana na wa mchezaji wanasimama mita 6 mmoja kutoka kwa mwingine, naye anaanzia katikati. Anakimbia na kuwarusha kwa zamu, kwa ippon-seoi-nage, sekunde 15, kisha 30, kisha 30 tena, akipumzika sekunde 10 kati ya awamu. Mapigo ya moyo yanapimwa anapomaliza na dakika 1 baadaye, yanajumlishwa, kisha yanagawanywa kwa idadi ya mitupo. Kwa mfano, 180 na 160 kwa mitupo 25 ni 13,6. Namba ikishuka, mchezaji ameendelea.

Utafiti wa Emerson Franchini na wenzake nchini Brazil ulionyesha kuwa njia ya kwanza inatoa takriban asilimia 42 ya nguvu za jaribio hilo. Mbili nyingine zinagawana sehemu iliyobaki karibu sawasawa.

Kwa kilabu cha Uvira kisicho na maabara, saa na vidole shingoni vinatosha kuanza: mapigo ya sekunde 10 mara 6. Ahesabu mtu yuleyule kila mara, na saa ileile, maana joto la kando ya ziwa linaongeza mapigo. Anayeumwa kifua au aliyetoka kuugua malaria asijaribu.

Mbio za asubuhi ziendelee. Ila mitupo ya kasi yenye mapumziko mafupi ndiyo inayofanana na pambano lenyewe.